Panya wa Mara Ana Pasipoti, Mtoto wa Kiptere Hana Kipimo

Mwaka wa 1993 watafiti walitega panya katika hifadhi ya Maasai Mara, wakawapeleka Marekani, na kutoka kwa hao wachache wakazalisha ukoo mzima katika Chuo Kikuu cha Michigan State. Si panya wa stoo hao. Ni panya nyasi, yule wa kahawia anayekatiza njia mchana kweupe. Mwanzoni walitakiwa kwa sababu wanaamka na jua, na watu walikuwa wanasoma saa ya mwili. Baadaye wataalamu wa macho nao wakamgundua. Panya wa kawaida wa maabara ni mnyama wa usiku na jicho lake ni la giza. Kati ya seli 100 zinazopokea mwanga ndani ya jicho lake, zile za mchana na za rangi, zinazoitwa koni, ni kama 3 tu. Panya nyasi wa kwetu ana zaidi ya 30. Ukitaka kujua jicho la kiumbe cha mchana linavyofanya kazi na linavyoharibika, huyu ni mwalimu mzuri.

Basi niulize. Kizazi baada ya kizazi cha panya wa Mara kimeangaliwa retina kwa mashine za bei mbaya. Kuna mtoto kiziwi hata mmoja wa hapa Kiptere ambaye ameangaliwa retina kwa sababu tu ni kiziwi? Nimeuliza wazazi, nimeuliza walimu, nimeuliza mama wa duka la dawa. Sijampata.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili usichoke kuitafuta. Siwapingi wanaotumia wanyama kutafuta tiba ya uziwi na upofu wa kurithi. Ninapinga jinsi utafiti huo unavyosimuliwa kwetu, na jinsi sisi wenyewe tunavyoutumia kama kisingizio cha kukaa tu. Tunaambiwa tungoje panya apone, na tunapongoja kuna watoto ambao taa zao zinazimika polepole bila mtu kuandika popote.

Ugonjwa wenyewe una jina. Unaitwa sindromu ya Usher, kutokana na Charles Usher, daktari wa macho Mskoti aliyeandika mwaka wa 1914 kwamba unarithiwa. Hakuwa wa kwanza kuuona. Mjerumani Albrecht von Graefe alikuwa ameueleza tangu 1858, na miaka mitatu baadaye Richard Liebreich akapita katikati ya viziwi wa Berlin akitazama macho yao. Soma hiyo tena. Mwaka wa 1861, kabla ya stima, mtu alifikiri: hebu niwaangalie viziwi macho. Sisi tuko na simu zenye tochi na bado hatujafika hapo.

Mambo yanakwenda hivi. Kuna jeni kadhaa zinazotengeneza protini ambazo sikio na jicho vyote vinazihitaji. Jeni hiyo ikiharibika, mtoto huzaliwa bila kusikia au akisikia kidogo. Kisha, miaka baadaye, retina inaanza kufa kutoka pembeni. Kwanza unakosa kuona jioni. Halafu pande zinafunga, mpaka unaitazama dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji. Aina ya kwanza ndiyo kali zaidi: uziwi kamili tangu kuzaliwa, na pia kiungo cha usawa ndani ya sikio hakifanyi kazi, kwa hiyo mtoto huchelewa kutembea, mara nyingi hupita miezi 18. Aina ya pili mtoto anasikia kiasi na anatembea vizuri, na macho humsumbua akiwa kijana. Aina ya tatu usikivu wenyewe hupungua taratibu.

Na urithi wake ni wa kimya. Baba anabeba nakala moja mbovu, haumwi. Mama anabeba moja, haumwi. Wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mbovu mbili. Wazee wetu Wakipsigis walikataza kuoana ndani ya oret moja, na ni sheria nzuri, inapunguza hatari. Haiimalizi. Watu wawili wa koo mbili ambazo hazijawahi kushiriki hata mbuzi wa mahari bado wanaweza kuwa wabebaji. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni laana ya upande wa mama. Upande wa mama ni nusu ya hesabu, kila mara, na ile nusu nyingine imevaa suruali.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikakataa, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka maneno elfu mbili kuhusu macho ya panya. Nikasoma usiku kucha kwa bando la usiku, na nilipofika kwenye orodha ya dalili nikaacha kusoma kama mtu wa kazi. Manake orodha ile ilikuwa ni mtoto wa mama mdogo.

Alizaliwa hasikii. Alitembea akikaribia miaka miwili, na kila mtu akasema miguu yake ni mizito. Alipofika umri wa miaka kumi na kitu akaanza kugonga vitu jioni: jerikeni, mbwa, kikapu cha majani ya chai. Shule aliyokuwa ikamwita mzembe. Mama yake alimpeleka kliniki. Hapo akaonyeshwa chati ya herufi, akaisoma mpaka mstari wa chini, na daktari akamwambia mama, "Mama, huyu shida yake ni masikio. Macho ako nayo poa." Ndivyo inavyokuwa. Chati ya herufi inapima katikati ya jicho, na katikati ndiyo ya mwisho kufa. Ukimpima mtu wa Usher kwa chati peke yake, utamwambia yuko sawa mpaka siku atakapokanyaga jiko.

Leo ana miaka 22. Ukitaka kuzungumza naye, usimsogelee. Rudi nyuma hatua tatu nne na ufanye ishara zako ndogo, karibu na kifua, ili mikono yote miwili iingie kwenye kile kipande kidogo anachobakisha. Jua likizama, mazungumzo yanaisha. Kwa mtu anayesikia, stima ikipotea mnaendelea kupiga stori gizani. Kwake stima ikipotea ni kama mmemfunga mdomo na masikio kwa pamoja. Na hana karatasi yoyote inayosema huu ni Usher. Mimi naushuku, basi. Hajawahi kupimwa jeni. Katika hesabu ya nchi yeye ni kiziwi, nukta.

Sasa turudi kwa panya, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganywa.

Mwaka wa 1929 ilitolewa ripoti ya aina mpya ya panya wa nyumbani aliyekuwa akitingisha kichwa na kuzunguka zunguka kama aliyelewa busaa. Walimwita shaker, mtingishikaji. Alikuwa kiziwi, na usawa wake umeharibika. Ilichukua hadi 1995 kugundua jeni iliyoharibika, nayo ni MYO7A. Mwaka huo huo, kwa kufuata njia ya panya huyo, ikagunduliwa kwamba jeni hiyo hiyo ndiyo inayosababisha aina mojawapo ya Usher kwa binadamu. Huo ni ushindi, na sitauficha. Bila yule panya mlevi, tungechelewa sana.

Lakini kuna kitu ambacho vichwa vya habari havikuambii. Panya huyo hapofuki. Ana jeni mbovu ile ile, ni kiziwi vile vile, anazunguka vile vile, ila macho yake yanaendelea vizuri mpaka uzee. Na si yeye peke yake. Karibu panya wote waliotengenezwa wakiwa na jeni za Usher aina ya kwanza wako hivyo. Kwa miaka mingi watu walikuwa na mfano wa ugonjwa wa uziwi na upofu ambao nusu yake haipo.

Kwa nini? Mwaka wa 2012 kikundi cha watafiti wa Paris kilitoa jibu. Seli za kuona za binadamu, na za nyani pia, zina vijiti vidogo vinavyoshika sehemu ya juu ya seli kama vidole vinavyoshika mpini wa mwiko. Protini za Usher zimekaa hapo. Panya hana hivyo vidole. Seli yake imeundwa vingine, kwa hiyo protini ikikosekana hakuna kinachoanguka. Panya anasema ukweli kuhusu sikio. Kuhusu jicho, hana la kusema. Yaani ni kama kwenda kuuliza bei ya samaki kwa mtu ambaye maisha yake yote amefuga ng'ombe.

Ndiyo maana wengine wakahamia kwa wanyama wengine. Uholanzi, mjini Nijmegen, walitumia samaki mdogo mwenye mistari anayeweza kukaa ndani ya kijiko. Samaki huyo akiharibiwa jeni ya USH2A, retina yake inaathirika. Kwake wakajaribu dawa inayofanya seli iruke kipande kibovu cha jeni na kuendelea kusoma, na dawa hiyo ikafika kwenye majaribio ya binadamu. Ujerumani, mwaka wa 2022, watafiti walitangaza nguruwe mwenye Usher: haisikii, inayumba, na inaona vibaya. Jicho la nguruwe lina ukubwa unaokaribia wa jicho lako, na lina vile vidole. Ilichukua karibu karne moja kutoka panya anayetingishika mpaka nguruwe anayegonga ukuta.

Sitaki unielewe vibaya. Kuna rafiki zangu wa Nairobi ambao wakisoma mambo haya wanaanza kuandika kuhusu ukatili. Nawaheshimu, na sheria yetu iko upande wao kwa kiasi: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama na inataka leseni kwa anayefanya majaribio. Nchi hii ina kituo cha utafiti wa nyani kilichoanzishwa na Louis Leakey mwaka wa 1960, leo kiko Oloolua, Karen, kwa hiyo hili si jambo la mbali. Lakini nyinyi mnaoandika hayo mkitafuna mbuzi choma Jumamosi, niambieni ni mnyama yupi mnayetaka abadilishwe na nani. Kuna watoto wa Shanghai waliozaliwa viziwi kwa sababu ya jeni iitwayo OTOF. Mwaka wa 2024 iliripotiwa kwamba watano kati ya sita walianza kusikia baada ya sindano moja ya tiba ya jeni ndani ya sikio. Tiba hiyo ilipita kwa panya kwanza. Ukiniambia nichague kati ya panya na mtoto anayesikia jina lake mara ya kwanza, sitachukua hata dakika.

Ninachokataa ni mateso ya bure. Mnyama anayetumiwa kujibu swali ambalo mwili wake hauwezi kulijibu ameumizwa bure, na pesa iliyotumika imepotea. Mpenzi wa wanyama na mzazi wa mtoto kiziwi wangepaswa kuwa upande mmoja hapa. Wote wawili wanadai kitu kimoja: chagua mnyama sahihi, eleza wazi amejibu nini na hakujibu nini, kisha nenda haraka kwa watu.

Na kwa waandishi wenzangu, hasa wa zile kurasa za "Sayansi Leo": andikeni mnyama kwenye kichwa cha habari. Kama ni panya, sema panya. "Wanasayansi warudisha usikivu" si habari, ni nusu ya habari. Mama wa Sosiot anaisoma kwenye simu ya mtoto wake, anauza mbuzi, anapanda matatu mpaka Nairobi kuuliza sindano iko wapi. Mwaka wa 2013 ilitoka kazi nzuri kweli, ambapo panya wachanga wenye jeni ya Usher inayopatikana kwa watu wa asili ya Acadia, Marekani, walidungwa dawa na wakasikia, wakaacha kuyumba. Zaidi ya miaka kumi imepita. Huyo mama angekuwa bado anangoja kwenye benchi.

Tuseme dawa imefika. Itafika vipi huku? Tunayo mfano tayari. Mbwa wa aina ya Briard walikuwa wanapofuka kwa kasoro ya jeni ya RPE65. Mwaka wa 2001 iliripotiwa kwamba mbwa watatu walioingizwa jeni nzima machoni walianza kuona. Mmoja wao, Lancelot, alipelekwa mpaka kwa wabunge wa Marekani wamwone. Desemba 2017 dawa iliyotokana na mbwa hao, Luxturna, ikaidhinishwa Marekani kwa watu wenye kasoro hiyo. Bei: dola 850,000 kwa macho mawili. Hiyo ni kama shilingi milioni 110.

Wacha niifanye kwa hesabu ya huku. Tuseme kwa ukarimu mkulima anabaki na shilingi 50 kwa kilo ya majani mabichi, malipo ya mwezi na bonasi vikijumlishwa. Itabidi achume kilo milioni 2.2. Akichuma kilo 30 kwa siku, kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, atamaliza baada ya miaka 200. Na Luxturna haitibu Usher. Ni ya jeni nyingine kabisa.

Kwa Usher kazi ni ngumu zaidi, na sababu yake kila mtu wa hapa ataielewa. Jeni hupelekwa ndani ya seli kwa kirusi kilichoondolewa makali. Kirusi hicho ni boda. Kina uwezo wa kubeba mzigo fulani na hakiongezi hata kilo. Jeni ya RPE65 ni gunia moja, inakaa. MYO7A ni kubwa kuliko boda. USH2A ni zaidi ya mara tatu ya uwezo wake. Kwa hiyo watafiti wanaigawa MYO7A mara mbili, wanaipakia kwenye boda mbili, na kuomba zikutane ndani ya seli na mzigo uunganishwe. Njia hiyo ilijaribiwa kwa panya na kwa nyani, na kuanzia 2024 watu wa kwanza wamedungwa macho huko Napoli, Italia. Natamani ifanikiwe. Lakini hakuna mtu anayeweza kudungwa bila kujua kwanza ni jeni gani iliyoharibika. Hapo ndipo sisi tunaachwa kwenye stendi.

Methali inasema asiyekuwepo na lake halipo. Orodha za jeni mbovu ambazo maabara za dunia zinatumia zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Katika uziwi hili si jambo la kubahatisha. Jeni ya GJB2 ndiyo ya kwanza kupimwa Ulaya mtoto akizaliwa kiziwi, kwa kuwa huko ndiyo mkosaji mkuu. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haionekani sana. Kisha nenda Ghana, kijiji cha Adamarobe, ambapo uziwi umerithiwa kwa vizazi mpaka kijiji kina lugha yake ya ishara: huko ni GJB2 hiyo hiyo, lakini badiliko tofauti na lile la Ulaya. Mprofesa Ambroise Wonkam, Mkameruni, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba viziwi wa Afrika wana majibu yao. Sasa fikiria mtoto wa Kiptere amepimwa kwa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa Berlin, kikasema hakuna kitu. Hakuna kitu kwa nani?

Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Wanyama wetu tumewatoa. Panya nyasi wa Mara nimemtaja. Kuna na fuko asiye na manyoya, yule mwenye meno marefu na ngozi kama kidole kilichokaa kwenye maji. Jennifer Jarvis alichimbua makundi yake Kenya, na ripoti yake ya 1981 ikamfanya fuko huyo maarufu duniani. Anaishi chini ya ardhi, haoni karibu chochote, na hasikii vizuri. Mwaka wa 2020 watafiti walichungulia sikio lake wakakuta protini za vile vinywele vya kusikia zimebadilika, na baadhi ni zile ambazo zikiharibika kwa binadamu zinaleta uziwi. Fuko wa Kenya anasaidia kueleza sikio la mtoto wa Chicago. Sawa. Sisemi waliibwa, wala sidai mrabaha wa panya. Ninasema nchi ambayo wanyama wake wamesomwa jeni moja moja haiwezi kuniambia kwamba kusoma jeni za watoto wake ni anasa. Wakati wa korona, maabara za Kilifi zilisoma jeni za virusi wiki baada ya wiki. Mashine zipo, na watu wenye ujuzi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba mtoto kiziwi wa shambani ni dharura.

Kuna afisa mmoja wa afya aliyeniambia, kwa upole kabisa, "Kijana, hata tukijua ni ugonjwa huo, hakuna dawa. Utampa mzazi habari mbaya ya nini?" Nimesikia hoja hiyo kwa watu wazuri, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inafanana na huruma.

Jibu langu ni hili. Mtoto kiziwi anayejua kwamba macho yake yatafunga ana miaka, pengine kumi, pengine ishirini, ya kujiandaa. Anaweza kujifunza ishara za mguso, mkono juu ya mkono, wakati bado anaona mkono. Anaweza kujifunza Breli wakati bado anaweza kuilinganisha na herufi. Anaweza kufundishwa kutumia fimbo kabla hajaanguka mtaroni. Anaweza kuchagua kazi. Anaweza kuamua mwenyewe kuhusu ndoa na watoto akijua hesabu ya moja kati ya nne. Mzazi mwenye uwezo anaweza kuharakisha kifaa cha kupandikizwa sikioni, kwa sababu kwa mtoto huyu sikio litakuja kubeba kazi ya jicho. Kabarnet kuna shule ya watoto viziwi wasioona, walimu wake wanajua haya yote. Lakini mtoto hupelekwa huko akiwa ameshajulikana. Nani atamjua, na lini?

Habari mbaya iliyokuja mapema ni mpango. Ikija umechelewa, inakuwa ajali tu. Mtoto wa mama mdogo hakupewa mpango. Alipewa jina la uzembe.

Kwa hiyo nadai mambo haya, na hakuna hata moja linalosubiri panya, samaki wala nguruwe.

Kwanza, kila mtoto anayeandikishwa katika shule au kitengo cha viziwi Kericho na Bomet aangaliwe macho siku anayoingia, na kila mwaka baadaye. Si chati peke yake. Apimwe anavyoona pembeni, na mtu mwenye ujuzi atazame retina yake. Tenwek, Bomet, kuna kitengo cha macho. Nauli ya basi moja la shule hadi huko haiwezi kuishinda kaunti yoyote inayonunua magari ya wakubwa.

Pili, kila mzazi wa mtoto kiziwi aulizwe maswali mawili. Mtoto alianza kutembea lini? Na jioni anagonga vitu? Maswali haya hayana gharama. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuyauliza akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Mwalimu wa chekechea anaweza. Pasta naye anaweza, kabla hajaanza kukemea.

Tatu, bima yetu ya jamii, hii SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ihesabu kipimo cha jeni kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi kama matibabu. Na majibu yakitoka, mabadiliko yapatikanayo kwetu yaingie kwenye orodha za dunia, kwa ridhaa ya familia, yakisimamiwa na watu wa hapa. Siku tiba ya boda mbili itakapohitaji wagonjwa wa kujaribiwa, wetu wawe wanajulikana.

Nne, Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli kwa jina. Ishara za mguso ziingizwe katika mafunzo ya walimu wa viziwi wote, si wa shule moja. Mwalimu asiyezijua anamfundisha mtoto lugha ambayo siku moja itazimwa kama taa.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi, Eldoret au Kericho mjini, usiniambie imekugusa. Nyumbani kwenu kuna kiziwi. Kama si kwenu, ni kwa jirani. Piga simu leo kabla jua halijazama, uliza yale maswali mawili. Ukijibiwa kwamba alichelewa kutembea na sasa anagonga vitu jioni, usimtafutie mganga, na usimngoje panya. Mtafutie mtu wa kumtazama ndani ya jicho, wiki hii.